Mvua Ambayo Haikunyesha

Stima ikipotea mtaa wa Sofia pale Voi, watu hawahangaiki kutafuta mishumaa. Wanalala. Kukipambazuka wanaenda kwa Tryphena kuuliza yaliyojiri.

Tryphena alikuwa na kibanda cha chai na mandazi nyuma ya mahali malori yanapolala, kibanda cha mabati chenye meza ndefu iliyovikwa nailoni ya picha za mananasi, na televisheni iliyotundikwa juu kabisa ukutani, juu kuliko picha ya Yesu. Yesu hakuwahi kulalamika. Televisheni hiyo ilikula betri kuukuu ya lori, zawadi ya mwisho ya mume wake, dereva aliyeondoka siku moja kupeleka saruji Malaba na kumbe mpaka leo bado anaipeleka. Kwa hiyo giza likiifunika Sofia nzima, kwa Tryphena mlibaki na mwanga wa buluu, na ndani ya mwanga huo kulikuwa na Kasri la Machozi, tamthilia ya watu wa ng'ambo waliotiwa Kiswahili kinywani, midomo ikifunga kabla maneno hayajaisha.

Aliyekosa kipindi alisimuliwa asubuhi, bora anunue chai. Na usimulizi wa Tryphena haukuwa wa kukariri. Kwenye televisheni Donya Lukresia alimzaba kijakazi kofi moja akatoka. Kwa Tryphena alizaba, akatoka, akakumbuka jambo, akarudi kuzaba tena, na akiondoka alimpitia bawabu naye akaonja. Hata waliokiona kipindi kwa macho yao walikuja kusimuliwa, wakiapa kwamba cha Tryphena kina ladha zaidi. Naye aliwaambia chumvi haijawahi kumwua mtu, isipokuwa wale ambao daktari amewakataza.

Mtu mmoja tu ndiye hakutosheka na chumvi hiyo. Jemimah, binti wa kaka yake Elijah, aliletwa kutoka Kasigau akiwa na miaka kumi na tisa ili ajifunze ushonaji hapo mjini. Msichana mwembamba, maneno machache, pini mdomoni muda wote. Alikuwa akipinda nguo za watu pembeni ya kibanda, na shangazi yake akimaliza kusimulia, watu wakiwa bado wanapangusa macho, yeye alitoa pini na kuuliza taratibu:

"Na kweli ilikuwa hivyo, shangazi?"

"Karibu na hivyo," Tryphena alijibu, na kibanda kizima kikacheka.

Sasa, ni lazima kusema Sofia ilikuwa imefundishwa nini na Kasri la Machozi, maana shule nyingine watu walikuwa wamezimaliza zamani. Mwanzoni kabisa Don Fabrisio, mwenye kasri, alimfungia kijakazi Marisela ndani ya stoo ya mvinyo. Marisela alisema hapana, akasema tena hapana, kisha kamera ikageuka kwa adabu kutazama mapipa. Baada ya miezi kadhaa ya kununiana walifunga ndoa, njiwa wakarushwa. Sofia ililia kwa furaha. Everlyne, muuza mitumba wa jirani, alivaa leso mpya siku ya harusi hiyo kana kwamba alikuwa na kadi ya mwaliko. Hakuna aliyelitafutia jambo la stoo jina lingine zaidi ya mapenzi ya fujo.

Kubakwa kulikuja baadaye. Kulikuja na radi. Mtu asiyejulikana, mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, alimvizia Marisela bustanini huku mvua ikipiga na ngoma nzito zikimtangaza yeye kabla hajatokeza. Marisela alipiga yowe lililopasua kioo. Gauni likawa matambara. Akaokotwa topeni, akapelekwa hospitali, akalala wiki nzima bila kula wala kusema, rangi ya mdomo ikiwa palepale. Basi Sofia ikajua. Mbakaji ana kovu. Ana ngoma zake. Anakuja na mvua.

Mwalimu Nicholas hakuwa na kovu. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, sauti ya besi, na kwaya ya kanisa iliyoshinda mashindano mpaka Wundanyi. Alikuwa mteja wa kibanda, mtu wa kuuliza mama zenu hawajambo. Jemimah alikuwa akiimba kwaya yake, na mwalimu alimsifu mbele za watu kwamba sauti ile ingetoka Kasigau ikasikika Sagalla.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa Januari, wakati Voi imekauka hivi kwamba mbuzi wanakula maboksi na boza la maji likipita watoto wanalikimbilia kama limebeba rais. Mwalimu alikuwa amemwambia Jemimah apitie nyumbani kwake, ng'ambo ya reli, achukue vitambaa vya sare za kwaya akavipinde. Jemimah alienda baada ya chakula cha mchana. Aliporudi kibandani hakuwa na kitambaa hata kimoja.

Tryphena aliona hayo na hakuyaona. Alimwona akiingia, akiinama, akichukua sufuria kubwa ya maziwa. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa, imefunikwa juani. Jemimah akaiosha. Akaisuuza kwa maji ambayo siku hiyo yalikuwa yakipimwa kwa kikombe, akaipaka majivu, akaiosha upya. Mwanzia, mpakiaji wa magunia, akamtania kwamba hiyo sufuria akiendelea nayo atamkuta fundi aliyeifua yuko ndani. Jemimah akacheka. Tryphena alimpa andazi, akala nusu.

Kisha sauti ya besi ikasikika nje ikiuliza kama mandazi bado ni ya moto. Jemimah akaingia chini ya meza.

"Unafanya nini huko?" Tryphena akauliza.

"Kijiko kimeanguka."

Mwalimu Nicholas alinunua, akawasalimu wote, akamwuliza Mwanzia habari za mgongo, akaenda. Jemimah alibaki chini ya mananasi ya nailoni, magoti kifuani, mpaka Tryphena alipoinama kumtazama. Mkononi hakuwa na kijiko chochote.

Jumapili alikataa kwenda kanisani. Tryphena, aliyekuwa ameshafunga kilemba, akakaa kitandani kwake na kumwuliza, na Jemimah akamwambia. Alisema kwa ufupi, macho yake yakitazama ukuta, kama mtu anayesoma kipimo cha nguo ya mtu mwingine.

Na Mungu amsamehe Tryphena, kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa hiki:

"Ulipiga kelele?"

"Sauti ilikataa, shangazi."

"Alikuwa na kisu?"

"Alikuwa na funguo. Alifunga mlango akatia mfukoni."

"Na nguo?"

"Nguo ni nzima. Nimeifua."

Kichwani mwa Tryphena ilipita bustani, ikapita radi, ikapita gauni la matambara, na kila kilichopita kilimtazama Jemimah kwa mashaka. Kisha akaikumbuka meza. Akakumbuka magoti yale. Akamvuta msichana kifuani, kilemba kikaanguka, wakakaa hivyo mpaka kanisa likatoka na watu wakaanza kupita nje wakiimba wimbo aliowafundisha mwalimu.

Waliripoti polisi, wakaenda hospitali, wakaambiwa walichelewa, wakahudumiwa hata hivyo. Afisa alimwuliza Tryphena maswali mafupi akaandika majibu mafupi zaidi. Mwalimu alishtakiwa, akapewa dhamana, akarudi nyumbani. Kesi ikapangiwa siku, siku ikaahirishwa, nyingine ikapangwa. Kanisa likafunga na kuomba, na kwa kuwa mtoa maombi alikuwa sauti ya tatu kwenye kwaya, maombi yalijua yanaelekea wapi.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa dada mmoja anayeitwa Ann, mwenye miwani na kikohozi cha vumbi. Wiki moja kabla ya kesi alimweka Tryphena kwenye benchi la koridoni akamwuliza upya siku ile ilikuwaje. Aliposikia habari ya meza aliacha kukohoa.

"Mama, hiyo ndiyo uiseme. Sufuria, meza, kijiko ambacho hakikuwepo. Ulichoona kwa macho yako. Usipunguze, usiongeze."

"Basi tu?"

"Basi tu. Inatosha."

Lakini Tryphena aliijua kazi ya kusimulia miaka mingi kabla Ann hajavaa miwani, na moyo wake ulikataa. Sufuria? Nani atalilia sufuria? Akaamua kupima. Asubuhi moja Jemimah akiwa darasani kwake, stima ikiwa imepotea usiku uliotangulia, wateja wakamzunguka kama kawaida.

"Leo nina kipindi kingine," aliwaambia. "Kipya. Hamkijui."

Akasimulia yote kama yalivyokuwa, akabadili majina tu, na kwa kuwa kilikuwa kipindi, hakuna aliyewatafuta wenyewe mtaani. Binti fundi, mwalimu wa nyimbo, mlango, funguo. Binti anatoka, anarudi kwa shangazi yake.

"Halafu?" Everlyne akauliza.

"Halafu anaosha sufuria."

"Sufuria gani?"

"Iliyokuwa safi."

Mwanzia alichokonoa jino, akafikiri. "Hii tamthilia imetengenezwa na nani? Serikali?"

"Ngoja, mwanamke," Everlyne akasema. "Amefanyiwa hayo, na bado anakula andazi?"

"Nusu."

"Nusu ni andazi. Mimi nikifiwa na kuku tu sili. Hakupiga kelele, nguo nzima, anacheka na wateja. Huyo alikwenda mwenyewe. Mwalimu amekataa kumwoa, ndiyo anatafuta pa kumshikia."

"Ama atamwoa mwishoni," Mwanzia akasema. "Si Marisela pia alinuna hivyo hivyo?"

Wakacheka. Tryphena alimimina chai hadi ikafurika, ikamwagika juu ya mananasi. Hawa walikuwa watu wake. Everlyne alimpa Jemimah blauzi bure alipowasili kutoka Kasigau. Mwanzia alimbebea cherehani begani. Kama hawa walisema hivi, hakimu ambaye hamjui Jemimah hata kwa salamu atasema nini?

"Ngojeni," akasema. "Kuna sehemu nimeiruka."

Akawarudisha nyuma. Akaleta wingu juu ya mji, akaleta upepo, mvua ikapiga mabati. Yowe likatoka nyumba ya mwalimu, likavuka reli, shangazi mtu akaangusha mwiko. Binti akaja akikimbia kwenye matope, gauni limechanika kutoka bega hadi kiuno, akaanguka mlangoni akazimia. Tryphena alisimulia huku machozi yakimtoka mwenyewe, kwa sababu uchungu ulikuwa wa kweli hata kama mvua haikuwa. Alipomaliza, Everlyne alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mwanzia alipenga kamasi.

"Huyo mwalimu," Mwanzia akasema, "wamfunge, funguo wazitupe mto Lumi."

Kwa hiyo Tryphena alikuwa ameamua kabla chai haijapoa. Hakuamua kudanganya. Angeshtuka ukimwambia hivyo. Aliamua kuusaidia ukweli, kama unavyomsaidia mtoto aliyenyolewa vibaya kwa kumvalisha kofia.

Siku ya kesi Jemimah aliingia kwanza, na mlango ukafungwa, maana kesi za namna hiyo hazisikilizwi hadharani. Tryphena alingoja nje na kilemba chake cha Jumapili. Hakumsikia Jemimah akisema kwa utulivu kwamba hakupiga kelele, kwamba sauti ilikataa. Hakuona gauni la maua ya zambarau, zima, likitolewa kwenye bahasha ya khaki na kukunjuliwa mezani. Hakumsikia hakimu akimwambia msichana achukue muda wake, hakuna haraka, wala hakumwona akiacha kuandika ili amtazame kwa upole.

Tryphena alipoitwa, Jemimah alikuwa ameshakaa nyuma ya Ann. Mwalimu Nicholas alikuwa kizimbani na shati lake la pasi. Tryphena akaapa, akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi, akavuta pumzi kama anavyovuta kabla ya kumleta Donya Lukresia.

"Mheshimiwa," akaanza, "siku hiyo mbingu zilifunga."

Ann akainua kichwa.

Mvua ilinyesha. Yowe likavuka reli. Matope, mbio, gauni kutoka bega hadi kiuno. Aliona kalamu ya hakimu ikienda kwa kasi, akadhani ni dalili njema, akaongeza radi. Ann alijaribu kumkata: "Mama, tuambie kuhusu meza." Lakini Tryphena alikuwa katikati ya mafuriko na hakuna mtu anayesimama katikati ya mafuriko kuzungumzia meza. Alimaliza kwa Jemimah kuzimia. Akajipangusa uso. Hakuna aliyepenga kamasi.

Wakili wa mshtakiwa alisimama, mzee mpole mwenye sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

"Mama, pole sana. Mvua hiyo ilinyesha Voi hii?"

"Ndiyo."

"Mwezi wa Januari?"

Tryphena akafungua mdomo. Kila mtu mle ndani, kuanzia hakimu hadi karani hadi askari mlangoni, alikuwa amenunua maji ya boza mwezi huo. Watu wa Voi husahau siku za kuzaliwa za watoto wao, lakini mvua ya mwisho wataikumbuka mpaka kaburini.

"Ilikuwa… manyunyu."

"Yaliyoleta matope."

Wakili akaigeukia bahasha ya khaki.

"Na gauni hili ndilo lililochanika?" Akalinyanyua. Maua ya zambarau yakaning'inia, mazima, yamepigwa pasi na Jemimah mwenyewe. "Ama alikuwa na lingine?"

Tryphena aliligeukia gauni, kisha akamgeukia Jemimah. Msichana alikuwa amemkazia macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule ule wa asubuhi kibandani, wa mtu anayetoa pini mdomoni ili aulize swali, isipokuwa safari hii hakuuliza.

"Mheshimiwa," Tryphena akasema kwa sauti nyingine kabisa, ndogo. "Ukweli ni kwamba aliosha sufuria. Halafu huyu bwana alipokuja, yeye aliingia chini ya meza. Alisema kijiko. Hapakuwa na kijiko. Nilimwona mimi. Haya niliyaona."

Wakili akampa muda. Akakunja gauni polepole, kwa heshima, akalirudisha.

"Mama, wewe ndiye mwenye kibanda cha televisheni pale Sofia? Nasikia unasimulia vizuri sana."

"Ndiyo."

"Hiyo ya meza nayo ni ya kipindi kipi?"

Hakimu alimkemea. Lakini karani alikuwa ameshacheka, akajificha kwa kukohoa.

Hukumu ilisomwa baada ya Pasaka. Hakimu aliisoma kama mtu anayeumwa na jino. Alisema shahidi wa kwanza alizungumza kwa utulivu, na huenda kabisa alisema kweli. Kisha akafika kwa shahidi wa pili. Alisema mahakama haiwezi kujua ni wapi kisa kinaishia na mvua inaanzia, na kwamba upande wa mashtaka ndio uliomleta shahidi huyo. Alisema kukiwa na shaka, sheria humpa mshtakiwa faida ya shaka hiyo, akamwachilia huru. Mwalimu Nicholas alifumba macho akasema Bwana asifiwe.

Jemimah hakugombana. Tryphena alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, alikuwa anautaka. Kwenye Kasri la Machozi vitu hivi humalizwa kwa makofi na watu wakakumbatiana. Msichana alikunja nguo zake, akalaza cherehani upande, akafagia chumba alichokuwa analala mpaka chini ya kitanda. Mlangoni akampa shangazi yake mkono.

"Asante kwa kunikaribisha," akasema, kama mgeni.

Kwaya ilifanya ibada ya shukrani. Wiki iliyofuata mwalimu akaja kibandani. Tryphena alikuwa ameitunga siku hiyo mara nyingi akiwa peke yake: chai ya moto usoni, laana kwa Kidawida, lugha ya kwao, mtaa mzima ukisimama na kushuhudia. Mwalimu alitokea mlangoni, shati lile lile, akasalimu, na sauti ya Tryphena ikakataa. Akili yake ilipiga kelele zote. Mdomoni kikatoka kitu kimoja:

"Ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya maziwa, mama. Mungu akubariki."

Akammiminia. Alipoenda, Tryphena aliitwaa sufuria ya maziwa akaiosha.

Tryphena alimfuata Jemimah kwao Kasigau wakati pojo, choroko za kule, zimekauka. Gari lilimwacha Maungu, akachukua pikipiki kwenye barabara ile ambayo wanasiasa huiahidi lami kila uchaguzi na ndovu ndio pekee wanaoitengeneza, kwa kuipanua. Kaka yake Elijah alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, akirekebisha waya wenye mikebe ya kutisha ndovu. Alimkaribisha dada yake kwa maji. Baadaye akazungumza, macho yakiwa kwenye waya.

"Walikuja wiki mbili zilizopita. Tuliwatoa kwa mikebe na kelele, kijiji kizima. Mmoja akabaki, dume. Akatokea kwenye mahindi mbele ya Jemimah, hapa na hapo ulipo wewe."

"Mungu wangu. Akapiga kelele?"

Elijah akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jiwe linaelea.

"Apige vipi? Ndovu akikusimamia hivyo, sauti hukauka. Mimi mwenyewe ilishanikauka, na baba yetu, na kila mtu mlima huu. Alisimama tu mpaka yule mnyama akageuka. Tukaenda tukamshika mkono, tukampeleka nyumbani. Nani angemwuliza kwa nini hakupiga kelele?" Akavuta waya, mikebe ikagongana. "Ati huko kwenu mjini ndiyo wanauliza."

Tryphena aliweka kikombe chini.

Jemimah alikuwa nyuma ya nyumba na ungo wa pojo, akichagua mawe. Alisalimu vizuri. Tryphena akavuta kigoda, akaingiza mkono kwenye ungo naye akaanza kuchagua. Akakaa hivyo kitambo kirefu, na mtu anayemjua angedhani ni mgonjwa.

Kisha akasema. Hakuvuta pumzi kwanza. Alisema kulikuwa na jua. Ulirudi mchana, huna vitambaa. Ukachukua sufuria iliyokuwa safi ukaiosha, ukaipaka majivu ukaiosha tena. Mwanzia alikutania, ukacheka, na hicho kicheko mimi nilikiona hakikufika machoni ila nilikuwa napika. Nikakupa andazi ukala nusu, nusu nyingine uliiweka kwenye kidirisha. Sauti yake ikaja. Ukaingia chini ya meza. Ukasema kijiko. Nikainama nikakuona umekumbatia magoti, na mkono wako ulikuwa mtupu. Hakukuwa na kijiko.

Hakuwa na kingine.

Jemimah alikuwa ameacha kuchagua.

"Na kweli ilikuwa hivyo, shangazi?"

"Ilikuwa hivyo."

"Ndiyo." Akalitoa jiwe dogo, akalitazama, akalitupa. "Kule kortini, nilipokuona unaingia, nilijua kuna mtu mmoja aliyeniona."

Tryphena akataka kusema kitu. Maneno yalikuwepo, yote aliyowahi kuwatia watu wengine mdomoni, mazuri, yenye machozi. Akayaacha.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Cherehani yako ipo."

"Uiuze."

"Jemi."

"Sikuchukii, shangazi. Lakini nikiwa kule, kila mtu akinitazama najua anaona ile mvua yako. Wale wanaoniamini wanaiamini mvua. Na wasioniamini wanacheka hiyo mvua. Mimi mwenyewe sipo."

Akainua ungo akapeta, maganda yakaruka upande wa upepo.

Kwa desturi mgeni husindikizwa, angalau mpaka njia panda, hata mgeni asiyependwa. Elijah ndiye aliyemsindikiza dada yake. Tryphena aligeuka mara kadhaa. Jemimah alikuwa amesimama kando ya nyumba na ungo wake, haji, hapungi mkono, mpaka pikipiki ilipoingia kichakani na vumbi likafunga.

Usiku ule stima ilipotea Sofia. Asubuhi kibanda kilijaa. Everlyne alikuwa na leso ile ile. Mwanzia aliketi akanyoosha miguu, akagonga meza.

"Haya mama, tumekaa gizani kama popo. Marisela amepata mtoto ama vipi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Betri imekufa?"

"Betri iko. Nilikuwa safari. Sikuona."

Wakatazamana. Everlyne akacheka kidogo, akidhani ni utangulizi. "Basi tutungie tu, dada. Kwani lini ulihitaji kuona?"

Tryphena alisimama na birika mkononi. Juu ukutani televisheni ilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi wake wote walionekana wadogo wadogo, wamepangwa kwenye meza ya mananasi, vichwa vimeinuka, wakingoja.

"Sikuona," akasema tena, akamimina chai.